Vidonge vya Maji na Nikaha ya Twaiba

Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Nimerudi Majoreni kutoka hospitali ya Msambweni. Daktari Jemima ameupiga moyo wangu picha. Mkubwa! Nikafurahi. Nikamwambia injini kubwa huvuta mzigo zaidi. Akasema sivyo. Presha niliyoiacha miaka yote bila dawa imeutanua moyo kama mpira wa bukta kuukuu. Hausukumi damu vizuri, maji yanabaki miguuni na mapafuni. Nimepewa dawa za presha na vidonge vya kutoa maji. Nijipime uzito kila asubuhi. Ukipanda ghafla nirudi mbio. Na chumvi nipunguze. Anamwambia hivyo muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi! Mke wangu Mwanarusi akaitikia kila neno kama yuko darasani.

Ijumaa ijayo namwozesha binti yangu Twaiba, kwa kinywa changu mwenyewe. Mdogo wangu Abdulwahab ameuliza kama nitamweka wakili aniozeshee, kwa sababu ya hali yangu. Hali gani? Kanzu yake ameshaipiga pasi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Vidonge hivi ni balaa. Nimemeza baada ya adhuhuri, alasiri nikaenda msikitini kwenye nikaha ya jirani. Hotuba haijafika kati, mbio chooni. Nikarudi. Nikatoka tena, nikiruka magoti ya wazee. Abdulwahab akanisogezea viatu, huku anatabasamu.

Nimekata shauri. Vidonge vya maji basi, mpaka Twaiba aolewe. Asubuhi nakitia kidonge mfukoni mwa kanzu, nameza maji matupu. Mwanarusi anaona koo likicheza, anaridhika.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimepanda mizani huku mkono mmoja umeegemea kabati. Uzito umeshuka! Mwanarusi akasema alhamdulillahi. Makubadhi hayaingii miguuni. Nimemwambia ngozi imesinyaa kwa jua. Dukani nimeonja ng'onda, na nikaonja tena. Kazi ni kazi. Kulala chali siwezi, nakabwa pumzi, kwa hiyo nalala nimekaa kitini. Nimesema naleta uradi, namdhukuru Mungu usiku kucha. Mwanarusi ameingiwa na heshima.

Ijumaa, 17 Oktoba
Naandika nikiwa wodini, Msambweni.

Nilikaa vizuri mbele ya shehe. Choo hakikunijia hata kidogo. Nikamshika mkono bwana harusi, Abdurahman, nikasema nimekuozesha binti yangu... Pumzi ikakatika hapo. Jina la mwanangu halikutoka. Shehe akauliza kwa upole kama nina wakili. Abdulwahab alikuwa ameshasogea. Nikatikisa kichwa. Niliogopa kufa, lakini nikazidi kuogopa kwamba Abdulwahab atalitaja lile jina.

Wakanibeba kwa gari la Abdulwahab. Wodini waliponivua kanzu, vidonge vikamwagika sakafuni mbele ya Daktari Jemima. Mwanarusi akavitazama, kisha akanitazama mimi. Akainama, akaviokota kimoja kimoja akivihesabu. Heri angenigombeza.

Jumapili, 19 Oktoba
Sindano zimenitoa maji ya kumwagilia shamba la mihogo. Miguu imerudi kuwa yangu. Twaiba amekuja na hina yake mikononi, inaanza kufifia. Amesema hataozeshwa na mwingine nami nipo hai, atangoja Ijumaa nyingine. Nililia. Nikasingizia dawa.

Daktari amenieleza kwamba kidonge humezwa alfajiri, na ikifika adhuhuri kimekwisha kazi yake. Kwa nini sikuambiwa? Amesema aliniambia siku ya kwanza. Mwanarusi akasema kweli, nilikuwa nasifu injini.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimemeza alfajiri. Mizani nimepanda bila kushika kitu. Alasiri nikamshika mkono Abdurahman, nikayasema maneno yote kwa pumzi moja, na jina la Twaiba nikalitaja kwa sauti hata wanawake nje wakapiga vigelegele. Abdulwahab analia. Sijapata kuwa na furaha kama hii.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimeamka kijana. Pumzi tele, makubadhi yanapwaya. Moyo umepona, kila mtu ameusikia jana.

Abdulwahab amekuja anachechemea. Miguu imemvimba kwa kusimama jana akigawa pilau. Maskini, hana dawa. Nimempa vidonge vyangu vyote, pakiti nzima. Daktari alisema ni vya maisha, lakini hakusema maisha ya nani. Mwanarusi yuko kwa Twaiba, hana habari. Ng'onda iko jikoni, naichoma.