Foleni ni Foleni

Jumatatu, 10 Machi

Miaka saba ya kushika simu za wateja. Imetosha.

Leo asubuhi karani wa maziwa huko Kianjokoma amenipigia akifoka kwamba kompyuta imekataa. Nikamwuliza kama ameiwasha. Halafu akasema stima zimepotea tangu jana. Sasa hilo nalo ni langu?

Lakini wanaonichemsha damu hasa ni wanaoruka foleni. Kila tatizo likiingia hupewa nambari, na nambari huhudumiwa kwa zamu. Meneja fulani akikwama, hachukui nambari. Anampigia bosi wetu, Madam Wambeti, na mimi naambiwa niwaache wote nimshughulikie yeye. Miaka saba nimemeza hiyo.

Kwa hivyo nimeingia ofisini kwa Madam. Jumamosi tunazindua programu yetu mpya ya kupimia maziwa, pale Embu mjini, mbele ya vyama vya ushirika. Ciku, mpangaji wetu wa hafla, yuko likizo ya uzazi. Nikasema nipewe mimi. Madam akauliza nimewahi kupanga nini. Nikamjibu kwamba mtu aliyepanga hasira za kaunti mbili kwa miaka saba hashindwi na viti na chai.

Amekubali, kwa sharti. Hafla ikienda vizuri, natoka kwa simu kabisa. Ikiharibika, narudi, na kazi ya hafla atapewa Felicitas. Huyo hukaa meza ya pili kutoka yangu. Aliposikia alitabasamu, na mimi simwamini mtu anayetabasamu kabla ya saa nne.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa. Nambari! Kila mgeni atachukua yake mlangoni. Kuketi, kula, kushika maikrofoni, yote kwa nambari. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

Felicitas akauliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, je, Mzee Mithika? Huyu ni mwenyekiti wa ushirika mmoja upande wa Kianjai, mgeni wetu wa heshima, na ndiye anayekuja kutia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Nikasema atachukua nambari kama binadamu wengine. Akasema mgeni wa heshima hufika wa mwisho, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikamwambia basi awahi. Wivu unamla huyu dada.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefuta kipindi cha kutambulisha wageni. Dakika hamsini za watu kusimama, kupunga mkono na kuketi! Hata mchungaji wa maombi amepangiwa zamu.

Mama Alice, mpishi, ameuliza meza ya wakubwa itakaa wapi. Nikamwambia haipo. Akasema tangu aanze kupika mukimo hajaona watu wakiitwa kula kwa nambari, labda hospitalini. Nimeudhika mpaka nikasahau kumwuliza habari za kachumbari.

Ijumaa, 14 Machi

Warsame wa Maua ameleta hema, viti na spika. Ameleta pia sofa tatu zenye vitambaa vyeupe. Nani aliagiza sofa? Akasema hakuna anayeagiza, sofa za wakubwa huja zenyewe na hema. Nimeamuru zirudishwe ndani ya lori. Alinitazama kwa huruma. Sitaki huruma ya mtu wa hema.

Jumamosi, 15 Machi

Bado nina hasira, lakini nitaandika.

Mzee Mithika alifika saa saba, magari matatu, kofia, fimbo na ujumbe wake mzima. Akapewa nambari 148. Kwa chakula tulikuwa tumefika 23. Katibu wake akaja kuniomba kando, kwa adabu sana, kama mzee hawezi kusogezwa mbele kidogo. Kusogezwa! Miaka saba ikanipanda kichwani. Nikamwambia foleni ni foleni.

Mzee alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya jenereta. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye nimempata mkubwa mwenye akili.

Zamu ya hotuba ikafika. Nambari moja alikuwa Munene, msafirishaji maziwa aliyefika saa kumi na mbili asubuhi akifuata chai. Alishika maikrofoni akaeleza ubovu wa barabara ya kwao kwa dakika thelathini na tano. Watu wakaniashiria nimtoe. Ningemtoaje? Ana nambari.

Nilipomwita mwenyekiti kuja kutia sahihi, kiti kilikuwa kitupu. Kumbe Felicitas alikuwa ameteremsha zile sofa nyuma ya lori la Warsame, akamketisha mzee kivulini, akamwita mchungaji aombe, Mama Alice akapakua mukimo na mbavu. Madam akaenda huko huko na mkataba. Mzee akatia sahihi. Mwaka mmoja badala ya mitatu, na mimi nisikanyage Kianjai. Aliniachia ujumbe: nikitaka kumwomba radhi, nichukue nambari kwa katibu wake.

Felicitas aliruka foleni mbele ya macho ya kampuni nzima na akapigiwa makofi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi kwa simu. Felicitas ndiye mpangaji wa hafla. Simu yangu ya kwanza ilikuwa yake: projekta imekataa kuwaka. Nikampa nambari 52. Dakika mbili baadaye Madam akapiga. Niliiwasha hiyo projekta bila kumsalimia mtu.

Wananionea. Mpango ulikuwa sawa, wageni ndio hawakuwa tayari. Unahitaji watu wenye utaratibu, watu wa kwetu.

Bahati nzuri Jumamosi hii wakwe wanaleta mahari ya dada yangu Karwirwa. Posa mbili zimeshavunjika na Mama hataki kusikia ya tatu ikivunjika. Alikuwa amemwachia mjomba mipango, nimemnyang'anya. Karatasi zimeshachapishwa. Baba wa kijana atachukua yake langoni kama wengine, na msemaji wao nimempangia 96. Karwirwa mwenyewe ni 31. Akiitwa na hajatoka, tunaendelea na 32.