Mapigo Yangu Kukimbia Mbele ya Mkalimani

Mtaa wa Likoma,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Agosti, 1976

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MOYO WANGU, AMBAO NI MZIMA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wauguzi wako, pamoja na Mzee Mwinyimvua wa getini, ambaye kila nikimwamkia hunijibu marahaba kwa sauti ya kunipa pole.

Mimi ni Wilbert Elisaria, mzaliwa wa Machame, muuzaji wa vitambaa katika duka la ushirika hapa Kariakoo. Sijaoa. Nilikuja kwenye zahanati yako nikiwa na kiungulia, basi, nilichokipata harusini kwa kula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, bila kiasi. Nimetoka na ugonjwa wa moyo. Siandiki kwa chuki dhidi ya ndugu zetu Wachina. Reli yao naisifu popote nilipo. Kesi yangu ni na vidole vitatu vya Daktari Wan, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimi. Niliingia chumbani kwa daktari nimechana nywele na kuvaa shati la Jumapili, nikamkuta yeye na mkalimani wake, Ndugu Klara, binti wa Masasi aliyejifunza Kichina kambini wakati wa ujenzi wa reli. Hata jina sijaulizwa, naambiwa nitoe ulimi! Ndugu Mganga, mimi nimelelewa. Kwetu mtoto akimtolea mkubwa ulimi analala na shavu la moto. Leo mimi, na ndevu zangu hizi, nimtolee ulimi mgeni wa taifa, tena mbele ya msichana ambaye hata sijamsalimia? Nikafunga mdomo kabisa. Ndipo Ndugu Klara akasema, "Toa tu, kaka yangu, hapa si matusi," nami nikautoa wote, mpaka daktari akaonyesha kwa mkono kwamba unatosha. Ikaandikwa kuwa una utando mweupe na alama za meno pembeni, yaani nakula sana na nina mawazo mengi. Hayo sikatai.

2. Mkono. Daktari alinishika mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akanyamaza. Nikajua ni salamu, nikaitikia: salama, nyumbani hawajambo, kazi inaendelea, mvua tunaisubiri. Kimya. Sasa wewe ni mtu wa hapa, unaelewa. Mtu mzima akikushika mkono, akainamisha kichwa asiseme neno, huyo anatafuta pa kuanzia kukupa habari ya msiba. Nikapiga kelele, "Nani jamani? Ni Mama?" Ndugu Klara akacheka. Alicheka mpaka akaegemea kabati la dawa, halafu akanieleza kwamba hakuna aliyekufa, daktari anasikiliza mshipa tu, kila kidole na kiungo chake: moyo, ini, figo. Ndugu Mganga, kicheko kile ndicho kilichoniponza. Moyo ulitoka mbio na haujarudi hadi leo.

3. Dawa. Daktari alisema kwa Kichina maneno marefu kama hotuba ya sikukuu. Ndugu Klara akayafupisha: moyo unakwenda mbio, nisinywe kahawa, nisile pilipili wala nyama choma, nisipande ngazi, nisishtuke, nirudi Alhamisi. Nikarudi Alhamisi, moyo ukakimbia zaidi, nikapewa mizizi ya kuchemsha, michungu hata mwarobaini una nafuu. Alhamisi iliyofuata Ndugu Klara alikuwa amevaa gauni la maua, nikaongezewa mizizi.

4. Nyumba ninayopanga. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanamkuu, aliposikia habari za ulimi alizipokea kama wahyi. Sasa kila asubuhi wapangaji tunapanga foleni uani, na hakuna anayeingia bafuni kabla hajamtolea Bi Mwanamkuu ulimi. Wangu akiuona anasema "Innalillahi" kwa chini. Ananipikia uji usio na sukari wala chumvi, na watoto wamekatazwa kucheza mpira karibu na dirisha langu. Mpangaji mwenzetu aitwaye Safari ameshaupima mlango wa chumba changu kuona kama kitanda chake kitapita. Nilimkuta na kamba mkononi. Hakuona hata aibu, akaniambia nisijali, yeye hana haraka.

5. Kahawa. Nassibu, muuza kahawa wa pembeni mwa mtaa wetu, amegoma kuniuzia. Anasema hataki kesi ya maiti. Na wateja wengine nao wamemkimbia, kwa sababu Bi Mwanamkuu ametangaza kuwa ulimi mweusi, hata ukiwa mweusi wa kahawa, ni ini bovu. Mtu wa watu amebaki na birika lake na kashata zake, na lawama zote ananipa mimi. Kazini nako Ndugu Augustino, msimamizi wetu, hataki niinue hata jora moja la khanga. Nimewekewa kigoda mlangoni, napepewa. Wateja wakiuliza bei wanauliza kwa kunong'ona.

6. Namba hii naiacha wazi kwa sababu ya hasira. Nikipoa nitaijaza.

7. Hili ndilo lenyewe, na naomba uketi. Ndugu Mganga, nampenda Ndugu Klara. Haya, nimelisema. Nampenda tangu alipoegemea lile kabati. Jumapili iliyopita nilijikaza kiume nikamwalika dansi la mchana. Akanitazama kwa huruma, huruma yenyewe ya kumtazamia marehemu, akasema, "Kaka Wilbert, moyo wako huo utaiweza wapi rumba?" Kisha akanitafutia kiti. Nilikuja kuposa, nikapewa kiti! Mwanamke gani mwenye akili atakubali kuolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, kila Alhamisi anatafsiri kuwa yu karibu kufa?

Sasa nikuonyeshe kwamba sina ugonjwa. Nimejipima mwenyewe kwa vidole vitatu, kila mahali. Dukani, moyo shwari. Barabara ya Msimbazi nilipokoswakoswa na basi, dereva akanitukania na ukoo wangu, shwari. Nikaenda uwanjani kutazama mpira, timu yangu ikafungwa, nikaumia roho, lakini mshipa shwari. Nikifika kwa Mzee Mwinyimvua getini, unaanza kuchezacheza. Nikiingia ndani, mbio! Juzi Ndugu Klara alitoka kuchota maji, na Daktari Wan, vidole vikiwa mkononi mwangu, akainua nyusi. Moyo ulikuwa umetulia. Klara aliporudi na ndoo, nyusi zikapanda tena. Daktari akasema jambo refu sana huku akinitazama mimi, akamtazama na yeye. Tafsiri niliyopewa ilikuwa: "Anasema urudi Alhamisi."

Kwa hiyo, Ndugu Mganga, ugonjwa hauko kwangu, uko kwa mkalimani. Lakini bila mkalimani daktari hawezi kumweleza mtu yeyote kwamba mimi ni mzima, na mbele ya mkalimani mimi si mzima. Nimeligeuza jambo hili usiku na mchana, sioni mlango wa kutokea. Ndiyo maana naomba yafuatayo:

(a) Ndugu Klara awe anatafsiri akiwa nje, kupitia dirishani, na dirisha lifungwe.

(b) Hilo likishindikana, aletwe mkalimani mzee, mwenye ndevu, na ikiwezekana anayekoroma.

(c) Hilo nalo likishindikana, Ndugu Klara ahamishiwe zahanati nyingine. Napendekeza Magomeni. Asipelekwe mbali zaidi ya Magomeni, maana basi la kwenda huko nalijua na si kila siku mtu anapata nafasi ya kusafiri.

(d) Itolewe hati yenye mhuri kwamba moyo wa Wilbert Elisaria ni mzima na unafaa kwa kazi zote za nyumbani na taifa, rumba ikiwemo. Nakala apewe Ndugu Klara, aisome mara mbili, atie sahihi kwamba ameelewa.

Ombi hili lisipotekelezwa nitalifikisha kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akishindwa yeye nitakwenda kwenye tawi la chama, na huko nikikwama nitapanda hiyohiyo reli hadi nipate mtu wa kunisikiliza. Haiwezekani nchi iliyojipatia uhuru wake ishindwe kumwacha raia mmoja apende na mapigo yake yasiandikwe kwenye faili.

Wasalimie wote hapo: mtoa dawa, akina dada wa sindano, na Daktari Wan mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda juu. Bi Mwanamkuu naye anakusalimu, na anauliza ulimi wako ukoje.

Ni mimi, mjenga taifa mwenzako niliyekalishwa kwenye kigoda,

Wilbert Elisaria

Baada ya sahihi: Tafadhali usisome hayo ya juu. Kama umeshasoma, yasahau. Mapigo hayasemi uongo, na Ndugu Klara asihamishwe hata chumba cha pili.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la zahanati yako. Nilikuja kukukabidhi barua, nikaambiwa uko mkutanoni. Ndugu Klara aliniona mlangoni natoka jasho, akadhani naanguka, akanishika bega na kuniingiza ndani mbio mbio. Daktari Wan akanishika mkono wa kulia. Akafumba macho. Halafu, bila kuyafumbua, akanyoosha mkono wake mwingine akamshika Ndugu Klara naye, vidole vitatu, palepale penye mshipa. Tulikaa hivyo, sote watatu tumeshikana kama watu wanaoapishana. Ghafla daktari akaangua kicheko, akaanza hotuba yake ndefu, anatikisa kichwa, anatutazama huyu na huyu.

Nikamgeukia Ndugu Klara anitafsirie. Akatazama sakafu. Nikamwambia, "Dada Klara, amesemaje?" Akasema leo hatafsiri. Jambo hilo hajawahi kulifanya tangu nimjue, na uso wake alikuwa ameuficha kwa kitambaa, lakini bega langu hakuliachia.

Daktari alingoja, akaona kazi haifanyiki. Akatafuta katika Kiswahili chake kidogo, akamwonyesha Klara kwa kidevu, akaniambia mwenyewe: "Huyu pia. Mbio sana."