Nani Atamtoa Nje Mtoto wa Lankwei?

Jumamosi, 4 Oktoba

Amezaliwa! Mtoto wa kiume wa Lankwei na Amerley, saa nne asubuhi, kilo tatu na robo. Habari imeingia kwenye kundi la simu la Umoja wetu, Wa-Ga na Wa-Adangbe wa Ghana tulioko Toronto. Dakika haijaisha, mzee mwenzangu Ataa Narteh keshaandika baraka mistari sita kwa Kiga safi. Kiga! Mtu wa Ada, lugha aliyonyonya ni Kidangme, anatushinda sisi wenyewe. Mimi niliandika "Hongera" na picha ya keki.

Jumamosi ijayo ni siku ya nane. Alfajiri mtoto atatolewa nje kwa mara ya kwanza, mbingu imwone. Mtu mmoja mwenye tabia njema atamlaza chini, maji yatarushwa juu ya paa yamdondokee, aijue mvua, aijue ardhi, kisha apewe jina. Na kila mtu wa kwetu anajua kwamba mtoto hufuata tabia ya aliyemtoa.

Miaka ishirini na miwili nimo katika Umoja huu. Watoto kumi na wanne wametolewa. Sijachaguliwa hata mara moja. Mke aliondoka, mtoto sikujaliwa. Nikikosa na huyu, tabia yangu nitazikwa nayo, na hakuna atakayejua kama ilikuwa nzuri.

Nimeamua. Safari hii ni mimi.

Jumapili, 5 Oktoba

Wazazi hawana wazee wao hapa. Kazi ya kuchagua wamemwachia bibi yetu sote, Awo Dedei. Miaka themanini na moja, maneno yote ya kale yamo kichwani mwake, na macho yake hayajachoka hata kidogo. Ametangaza kwamba atazitazama tabia zetu wanaume wiki nzima, jina atalitaja Ijumaa.

Kuanzia leo: sisengenyi, sichelewi, sisemi uongo ila pakiwa na dharura.

Tuliambiwa twende kumpongeza Amerley saa tisa. Nikafika saa nane. Nikamkuta Ataa Narteh jikoni, keshaosha vyombo vyote, anamenya viazi vikuu. Nikamwambia amewahi. Akaniambia karibu, ndugu yangu, kisu kingine kiko pale. Hana hata kejeli! Nikamenya. Nikajikata kidole.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mpango mpya: kama siwezi kumpita Narteh kwa wema, basi nimtafutie dosari. Binadamu hakosi.

Nimemfuata tangu asubuhi, kofia hadi kwenye nyusi. Saa tatu: amempelekea Awo Dedei dawa, mabasi mawili, mvua ya baridi. Saa tano: amekaa maktaba, anayaandika kwenye daftari maneno aliyofundishwa na Awo, ili yasife naye. Saa kumi: chumba cha chini cha kanisa, anawafundisha watoto ngoma. Watoto waliozaliwa kwenye theluji! Na wanapiga sawasawa, mabega yanacheza, mmoja anamkosoa mwenzake kwa Kiga. Nilisimama dirishani mpaka miguu ikafa ganzi. Nakiri, machozi yalinitoka. Upepo pia ulikuwepo.

Alipotoka akanikuta. Hakuuliza nilikuwa nafanya nini pale. Akanipa nusu ya donge lake la kenkey, ule ugali wetu mchachu wa mahindi. Mtu huyu ni balaa.

Jumanne, 7 Oktoba

Dosari haipo. Nimeuliza watu tisa. Wa tisa alikuwa Awo Dedei mwenyewe, sikumtambua sauti kwenye simu. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema ndiyo. Basi kanitumia supu, imeletwa na Narteh.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Karamu ya Jumamosi inataka samaki wa moshi. Wa dukani wapo, lakini mama yangu alikausha samaki kwa moshi ufukweni kwetu Chorkor miaka thelathini, na mimi mkono wake ninao. Mwenye nyumba wangu alinipiga marufuku kukausha samaki kwake tangu moshi wa mwaka juzi. Kwa hiyo nikaenda jikoni kwa Amerley, ghorofa ya saba. Awo Dedei alikuwa aje saa nane kumwogesha mtoto. Angenikuta kazini, nimejifunga shuka la marehemu baba, mnyenyekevu, nimezungukwa na vibua ishirini. Mpango safi.

Sufuria kubwa, maranda ya mbao chini, wavu juu. Amerley akaniomba nimtazamie mtoto, yeye akaingia kuoga. Moshi ulianza vizuri. Kisha ukazidi vizuri. Kisha kengele ya moto ikalia, jengo zima!

Nikazima jiko. Nikampigia Amerley kelele mlangoni. Akajibu kwa kelele nitangulie na mtoto. Nikamnyanyua, nikamfunika gubigubi kwa shuka la baba, ngazi ghorofa saba, na magoti haya. Chini nikagundua mkono wa kulia nimeshika kibua. Sijui kwa nini.

Uani walikuwa watu kama mia mbili, wengine na nguo za kulalia. Magari mawili ya zimamoto. Amerley akashuka na koti juu ya taulo, povu kichwani. Na hapo hapo, saa nane kamili kama alivyoahidi, Awo Dedei akateremka kwenye teksi, Narteh amembebea mkoba. Akanitazama. Akamtazama kibua.

Ndipo lilipoingia akilini. Mtoto yuko nje! Ni mimi niliyemtoa! Wa kwanza!

Alhamisi, 9 Oktoba

Kundi la simu halijalala. Nusu wanasema imekwisha, aliyetoa katoa. Nusu wanasema Mungu apishe mbali. Lankwei, baba mtoto, amemwuliza Awo kama kuna dawa ya kumwosha mtoto tabia ya Ataa Borketey. Ataa Borketey ndiye mimi. Sikukasirika. (Nilikasirika.)

Nikaenda kwa Awo kudai haki yangu. Lankwei na Amerley walikuwepo, Narteh pia, anatengeneza bomba. Nikaeleza kwamba desturi ni desturi, mtoto wa Osu, mji wetu sisi Wa-Ga, ametolewa na mtu wa Osu, hakuna haja ya kuhangaisha watu wa Ada. Awo akanijibu mtoto hafuati kabila, anafuata tabia. Halafu akaanza maswali.

Mtoto aligusa ardhi? Hapana, nilimshika barabara. Aliguswa na maji? Hapana, mipira ya zimamoto haikufunguliwa. Akauliza: je, mbingu ilimwona?

Hapo ningesema ndiyo. Neno moja tu! Lakini nilitaka aone jinsi nilivyo mtu wa desturi. Nikajigamba. Nikasema haikumwona hata unywele, Awo, nilimfunika tangu mlangoni, moto au si moto, mtoto wa Kiga haonyeshwi mbingu kabla ya siku ya nane.

Mdomo uliponza kichwa. Awo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema basi mambo yamekwisha, mtoto hakutolewa, alihamishwa tu. Na kwamba kwa hilo shuka, nimefanya vizuri sana.

Lankwei akapumua. Amerley akalitoa shuka begani mwangu, akaondoka nalo, eti akalifue.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jina limetajwa. Narteh.

Mimi nitarusha maji.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya jengo, kando ya banda la baiskeli. Baridi ya kukata masikio. Tulikuwa watu arobaini na zaidi, wote tumevaa nyeupe tupu, nguo na vilemba. Awo Dedei akaomba kwa maneno ya kale, polepole, na kila alipotua tukaitikia "Hiao!" Watoto wa ngoma ndio walioitikia kwa nguvu kuliko wote. Awo akasahau mstari mmoja. Mmoja tu. Narteh akamkumbusha kwa sauti ya chini, kutoka kwenye daftari lake. Nikawaza: huyu mtu asingekuwepo, mstari ule ungekwisha leo, hapa kwenye banda la baiskeli.

Nikarusha maji juu ya paa. Mara ya kwanza yakaniangukia mimi. Ya pili yakapata. Narteh akapiga magoti yake mabovu, akamlaza mtoto chini, akamwinua, mara tatu. Mtoto akalia hadi madirisha yakawaka taa. Okantey! Jina la babu yake. Tukampokea kwa pombe ya mahindi.

Kisha wakaleta nguo mpya ya kumfunika. Amerley akakataa. Akatoa shuka la baba yangu. Limefuliwa mara tatu na bado linanuka vibua. Awo akasema vema, mtoto aijue mapema harufu ya Chorkor.

Narteh akanishika bega, akaniambia kwamba yeye, kwa hofu ile, angekimbia na mtoto na shuka angelisahau. Narteh hasemi uongo. Nilimfuata siku nzima, najua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelala vizuri. Nimefikiri sana. Sasa nimeliona kosa langu lilipokuwa.

Shuka.

Mke wa Afotey, mwenzetu wa Umoja, ana mimba ya miezi saba. Wanakaa ghorofa ya pili, magoti hayatateseka. Baada ya ibada nilimuuliza Afotey, kwa mazungumzo tu, kama kengele yao ya moshi inafanya kazi. Akasema inafanya kazi vizuri mno.

Nimeshaagiza vibua. Shuka nimemwachia Okantey.