Panga la Uzinduzi

Taasisi ya Afya ya Mgomba ilitangaza, kwa vipaza sauti na kwa mhuri, kwamba mnyauko wa migomba umepigwa marufuku, na umepewa siku kumi na nne uwe umeondoka mashambani. Mnyauko, kwa kuwa hauhudhurii mikutano, ukaendelea na shughuli zake.

Mkurugenzi naye si mtu wa kukaa kitako. Alitengenezewa Panga la Uzinduzi, mpini wa vanishi, likapewa kisanduku chenye kitambaa chekundu na mtu wa kukibeba. Kila shamba alilozuru alikata ua la mgomba mmoja, makofi yakapigwa, wakahamia shamba linalofuata.

Nyuma yao alitembea bibi shamba, mwanamke wa daftari na viatu vya mpira, ambaye miaka miwili alikuwa na wimbo mmoja tu: panga lililogusa mgomba mgonjwa lipite motoni kabla ya kugusa mzima. Aliomba na Panga la Uzinduzi lipitishwe. Akajibiwa kwa barua kwamba vanishi ni mali ya umma.

Akachora ramani ya mashamba yaliyougua, akaipeleka ofisini.

"Yaani ugonjwa unanifuata mimi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiyo, mkuu. Wiki tatu nyuma yako, hauchelewi hata siku."

"Unaniogopa huo. Unakuja kujisalimisha." Akaegemea kiti. "Ila wakulima nao wazembe. Huo wimbo wako wa moto ugeuze uwe amri. Atakayefika na panga lenye ugonjwa, lichomwe mlangoni! Na yeye mwenyewe ang'oe na kufukia kila mgomba aliouambukiza, kwa mikono yake, watu wakimwona. Bila kujali cheo!"

"Bila kujali cheo?" Kalamu ya bibi shamba ilibaki hewani.

"Piga na mstari chini yake."

Akapiga.

Shamba la kumi na saba lilikuwa la shangazi yake bibi shamba. Migomba mia nne, jani la njano hata la dawa hupati. Bonde zima lilisubiri machipukizi ya pale ili lianze upya. Panga lile likikata humo, kwisha habari.

Msafara ulipofika, shangazi alikuwa amesimama mlangoni na jiko la mkaa, miwani puani, amri imebandikwa kwenye nguzo.

"Karibu, baba. Panga kwanza."

"Mama, unanijua mimi?"

"Nitakosaje kukujua! Si huyu hapa chini, mwenye sahihi yenye mikia?"

Watu wakaangua kicheko. Mpiga picha akasogea. Mkurugenzi akaitazama amri, ikamtazama. Mkuu atavunjaje neno lake mbele ya kamera? Panga likaingia motoni, vanishi ikanuka kama kiatu kilichoungua.

"Bado nusu, baba: kung'oa na kufukia," shangazi akasema, kidole kikifuata ule mstari. Akampa jembe. "Hili si la uzinduzi. Ila linalima."

Machipukizi yakagawiwa bonde zima. Taarifa ya robo mwaka aliiandika bibi shamba, kwa lugha ya ofisi:

"Njia kuu ya maambukizi imetambuliwa na kudhibitiwa. Kwa sasa iko shamba la tisa, inachimba vizuri, na inaomba maji ya kunywa."