Kamati ya Kupokea Mtihani

Geofrey hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali ya mtu bila kumwambia. Geofrey aliwaambia watu kila kitu, isipokuwa ukweli. Kufikia mwaka ule wa tisini na sita alikuwa amekwisha kuuza viwanja Nkuhungu ambavyo tayari vilikuwa na nyumba za watu juu yake, na sasa alitaka kustaafu kwa heshima. Ndoto yake ilikuwa moja tu: mashine ya fotokopi. Serikali ilikuwa imeruhusu kila mtu ajifanyie biashara, na mwenye fotokopi aliamkiwa hata na makarani.

Bahati ilimkuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya ofisi za mkoa, kitumbua kikiwa mdomoni. Meza ya pili, Bwana Yotham, ofisa mipango, alikuwa akimlilia mwenzake Hasani wa idara ya kilimo.

"Kwenye mtihani wa kuingia chuo, Kiingereza nimepita vizuri. Hesabu, bwana, wamenipa alama ya kuniaibisha mbele ya wanangu."

"Tuko wengi," alisema Hasani. "Marudio ni mwezi wa kumi."

"Tukifeli tena, shahada ya uzamili ndiyo basi. Na hii punguza-punguza ya wafanyakazi, unadhani wataanza na nani?"

Geofrey alimeza kitumbua. Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa aina hii.

"Samahanini wakubwa zangu," alisema, akisogeza kiti. "Nina binamu Dar es Salaam. Anafanya kazi palepale mitihani inapopigwa chapa."

Yotham alitazama nyuma, kisha akainama. "Unao huo mtihani?"

"Sina. Ila naweza kuwa nao."

Mteja mwingine yeyote angelipa papo hapo na kulia baadaye, kama ilivyo ada. Kosa la Geofrey ni kwamba alikuwa hajawahi kufanya biashara na watumishi wa serikali. Kabla wiki haijaisha walikuwa watano, na watumishi watano hawawezi kununua hata kiberiti bila kikao. Wakaunda Kamati ya Kukagua na Kupokea Mtihani. Yotham akawa mwenyekiti, Hasani katibu, na mweka hazina akawa Paskazia, ofisa ugavi, mwanamke mpole anayeongea huku akitazama vidole vyake. Vikao vilifanyika sebuleni kwa Yotham, mapazia yamefungwa, na ajenda ya mwisho siku zote ilikuwa mengineyo.

Geofrey aliomba kianzio.

"Utaratibu ni huu, ndugu mzabuni," alisema Paskazia kwa upole. "Mzabuni analeta mali, kamati inaikagua na kuipokea, ndipo analipwa. Mali yenyewe ni mtihani. Kukagua kwake ni mpaka tuufanye."

"Dada yangu, biashara ya magendo haina utaratibu."

"Ndiyo maana inakamatwa," alisema Hasani, akiandika.

"Unaandika nini?"

"Muhtasari."

Geofrey alikasirika sana, lakini aliikumbuka fotokopi yake na kuvumilia. Alinunua kitabu kikuukuu cha hesabu soko la Majengo, akanakili maswali kumi, na chini yake akapanga majibu aliyoyakuta nyuma ya kitabu. Kazi ya jioni moja, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Kikao kilichofuata, Yotham alisoma kwa sauti. "Swali la kwanza, jibu ni saba. Haya. Njia iko wapi?"

"Njia ya nini, mheshimiwa? Jibu si hilo?"

Kamati nzima ilimtazama kwa huruma. Hakuna aliyekaa darasani nchi hii ambaye hakuchapwa kwa kosa hilo.

"Jibu bila njia ni sifuri," alisema Hasani. "Maana yake umeiba kwa mwenzako." Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu mwadilifu, na hakuna mjumbe aliyecheka.

Geofrey aliahidi kuzifuata njia kwa binamu. Paskazia alimsindikiza hadi mlangoni, akipiga soga.

"Hesabu ngumu, jamani. Labda yule Mwalimu Cecilia wa Mkonze, mstaafu. Yule hata ng'ombe angemfundisha kugawanya. Ila hataki hela, anataka mtu wa kumkatia mizabibu."

Geofrey aliyaona maneno hayo kama umbea wa bure, akamshukuru Mungu tena.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kesho yake, shambani Mkonze.

"Marahaba. Shika mkasi."

Asubuhi alipunguza matawi ya mizabibu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mchana alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa stoo uliopakwa rangi nyeusi kuwa ubao, na Mwalimu hakumpa njia hata moja ya kunakili.

"Itafute mwenyewe. Umegawa kwa mbili kwa nini?"

Jioni, sebuleni kwa Yotham kule Nkuhungu, kamati nayo ikamuuliza: amegawa kwa mbili kwa nini? Basi ikabidi ajue. Wiki zikapita hivyo. Siku moja alipata njia peke yake, kabla Mwalimu hajafungua mdomo, akafurahi hadi akaruka. Kisha akajikasirikia, maana kufurahia kazi ya halali ni mwanzo wa kuharibikiwa.

Mwezi wa kumi wakaenda, wakafanya, wakarudi. Matokeo yalipotoka, wote watano walikuwa wamefaulu. Geofrey alikuja kwenye kikao cha mwisho na shati lililopigwa pasi, akiwa amekwisha kuchagua kibaraza cha kuweka mashine.

"Kamati imekagua," alisema Yotham. "Mtihani uliokuja na ule wa ndugu mzabuni haifanani hata kwa swali moja. Mali siyo iliyoagizwa. Kamati imekataa kuipokea."

"Lakini mmefaulu!"

"Kwa jasho letu."

"Nimewafundisha mimi!"

"Masomo ya ziada hayakuwemo kwenye zabuni," alisema Hasani.

"Nitakwenda polisi!" alifoka Geofrey, na hata yeye aliusikia upuuzi wa maneno yake.

Paskazia aliacha kutazama vidole vyake. "Kaka Geofrey, maswali yale niliyafanya kidato cha nne. Niliyatambua siku ileile, njia tu ndizo zilizokuwa zimenitoka. Walimu wa jioni wanataka hela kabla hawajashika chaki. Ni wewe peke yako uliyekubali kusubiri."

"Kumbe mlijua!"

"Na mama anakusalimu. Anasema mizabibu haijawahi kukatwa vizuri namna ile."

"Mama yupi?"

"Mwalimu Cecilia. Hamfundishi mtu, hata mimi mwanawe, mpaka mizabibu ikatwe. Na mgongo wangu huu, nisingeweza."

Kisha akamkabidhi kadi ya mchango wa sherehe ya pongezi. Jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, kwa heshima zote: Mwalimu Geofrey na familia.

Geofrey aliomba kalamu. Akaigeuza kadi, akapiga hesabu ya jasho lake lote, la Mkonze na la Nkuhungu, mstari chini ya mstari, bila kuruka hatua, kama alivyofundishwa. Alipomaliza akamkabidhi katibu.

Hasani alivaa miwani, akakagua toka juu hadi chini, akaweka vema.

"Jibu ni sifuri," alisema. "Na njia ni sahihi."