Cherehani cha Mama Mkwe Kabla ya Rangi

Jumatatu, 4 Mei 2009

Mama mkwe anakuja! Jumapili asubuhi, ndege kutoka Lubumbashi, miezi mitatu mizima. Maman Marie-Jeanne, ambaye siku ya posa yangu alinitazama juu mpaka chini, akawauliza wazee kwa upole kama kijana huyu ana mikono au ni mdomo tu. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Tangu siku ile sijalala vizuri.

Bon. Safari hii nitamjibu. Kwenye kave, chumba cha chini ya nyumba yetu hapa Laeken, Bruxelles, kuna cherehani chake cha zamani, cha miguu ya chuma na pedali, zawadi ya ndoa kwa Émérance, mke wangu. Kutu na mafuta meusi kila mahali. Nitakisafisha, nitakipaka antirouille, ile rangi ya kwanza ya kijivu ya kuzuia kutu, halafu nyeusi ya kung'aa. Ataingia salon, atakiona, atasema: Constant, kumbe uko na mikono. Sentensi hiyo nimeisikia jioni nzima, kwenye tramu, hata ndani ya supu.

Muuza rangi alinishauri nianze kwa maji ya moto na sabuni, nisuuze, nikaushe, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Sabuni! Sabuni ni ya sahani. Nilimshukuru, nikalipia rangi, nikatoka.

Jumanne, 5 Mei

Shemeji Kabamba, kaka wa Émérance, amekuja kutoka mtaa wa Forest na bidon, dumu la dawa. Naye anataka mama yake akae kwake. Amenunua sofa ya ngozi, anaitaja kabla hujamsalimia. Alicheka: Constant na brashi, hiyo ni cinéma! Kisha akaniachia bidon, akisema dawa hiyo inakula mafuta kama mchwa. Haina maandishi. Ina picha ya fuvu tu. Nilidhani ni mapambo.

Harufu tamu, karibu ya maua. Nilifunga mlango wa kave ili majirani wasilalamike, nikasugua. Taratibu kuta zikasogea. Nikawa Lubumbashi, kwenye uwanja wa marehemu baba, jakaranda imemwaga maua juu ya vyuma, baba anaosha kabureta kwa esansi, yaani petroli, na kuimba, upepo unapita. Mama mkwe naye akapita hewani, ameketi juu ya cherehani, akanipungia mkono. Nikampungia.

Binti yangu Myriam, anayesomea uuguzi, alinikuta naipungia chaudière ya gesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. Alinivuta hadi barabarani kama gunia. Anasema ningebaki kidogo tu, bibi yake angekuja kwa matanga. Bidon ameipeleka wanakokusanya sumu. Huzuni. Ndoto ilikuwa nzuri.

Jumatano, 6 Mei

Kichwa kinauma, lakini kimeleta wazo. Baba alitumia esansi maisha yake yote! Nikashuka na chupa ya esansi. Émérance alikuwa ananisubiri ngazini, mikono kiunoni. Papa Myriam, akauliza, uwanja wa baba yako ulikuwa na paa? Nikakiri hapana. Ulikuwa na chaudière yenye moto ndani? Hapana. Bon, akasema, akachukua chupa, akanipa ndoo na sabuni. Nilimwambia nitafikiria. Mimi na cherehani tumehamishiwa balkoni.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepata! Nyuma ya kabati, chupa ya lutuku, gongo ya kwetu ya mahindi. Haina fuvu. Kitu muntu anakunywa, kitamdhuru muntu namna gani? Hakuna dawa salama zaidi Bruxelles nzima. Nikalowesha kitambaa, nikasugua, nikaonja kuhakikisha usalama. Tamu! Mtu alitia asali. Nikahakikisha tena. Mawingu yalipita polepole juu ya mnara wa Atomium. Nikaitazama ile mipira yake mikubwa ya chuma ikielea, nikawaza wenyewe waliiosha kwa kitu gani.

Nikapaka antirouille. Kabamba alipiga simu kuuliza kama bado naota. Nikamwambia auze sofa.

Jumamosi, 9 Mei

Haikauki. Inanata. Sisimizi wamepanga mstari, ghorofa ya tatu! Nimepaka nyeusi juu yao. Hawaonekani tena.

Jumapili, 10 Mei

Sikukuu ya akina mama. Alifika, mdogo kuliko nilivyomwogopa. Nyuma yake Kabamba, akichezesha funguo za gari, tayari kumpeleka kwenye sofa.

Aliona cherehani pale balkoni. Akavua viatu, akaketi, akakanyaga pedali. Mguu ulipoinuka, rangi iliinuka nao, utando mzima, kama wa maziwa yaliyochemka. Kabamba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe akainusa rangi, akaniuliza nimeosha kwa kitu gani. Nikasema ukweli.

Chupa ilikuwa yake. Aliituma ihifadhiwe kwa siku ya posa ya Myriam. Asali aliitia mwenyewe.

Kisha akauliza kama imebaki. Ilibaki kidogo. Akamwagiza Émérance glasi mbili, na moja ilikuwa yangu! Akamtuma Kabamba maji ya moto na sabuni. Akakaza kitenge, na yeye na mimi tukakwangua, tukasugua, tukasuuza, tukakausha kwa kitambaa safi, upepo wa balkoni ukamalizia. Akanikataza kugusa chuma, eti vidole vyangu vina mafuta ya samaki. Kweli vilikuwa nayo. Jioni tukapaka upya.

Akamwambia Kabamba akalalie sofa yake mwenyewe; yeye anabaki hapa, kuna kazi. Mlangoni mwa chumba aligeuka. Constant, akasema, mikono uko nayo. Ni kichwa ndiyo tutatafuta pole pole, niko na miezi tatu.

Jumatatu, 11 Mei

Sikulala, kwa furaha. Mikono! Mbele ya watu! Rangi imekauka, ngumu, safi, hakuna sisimizi.

Donc mimi sasa ni fundi. Nimeitazama radiateur ya salon, lile chuma la ukutani la kupasha joto: ina kutu. Sabuni ilifaa kwa cherehani, sikatai. Lakini radiateur ni kitu kikubwa. Jana nilipobeba valizi ya mama mkwe, nilisikia kitu kikichezacheza ndani. Chupa ya pili. Ameificha chini ya kitanda.

Saa nne anakwenda madukani Matonge na Émérance.