Gazeti Lenu Limeuua Mkahawa wa Isurugi kwa Sifa

Mtaa wa Wahunzi, nyuma ya soko la samaki
Desemba, theluji nyingi

Kwa Mhariri wa Sauti ya Ghuba

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za msomaji ambaye hulisoma gazeti lako mpaka matangazo ya misiba, na ambaye barua zake umezitupa nyingi kuliko ulizochapisha. Kwa hizo sikulaumu. Ile ya daraja ilikuwa ndefu, na ile ya meya ilikuwa kweli tupu. Hii ya leo nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu kuna mkahawa unakufa, na anayeuua ni wewe.

Nazungumzia mkahawa wa sushi wa Isurugi: viti vinane mbele ya kaunta moja, Fundi Isurugi nyuma ya kaunta hiyo, na mkewe, Mama Fusae, kila mahali pengine. Fundi amesema mwaka ukiisha atalishusha pazia la mlangoni na hatalitundika tena. Hana ugonjwa, wala hana ugomvi na mwenye nyumba. Balaa lililompata ni moja tu: mwezi uliopita gazeti lako lilimsifu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Mwandishi wako, kijana Uozumi, aliuita mkahawa ule "siri iliyofichika." Nauliza kwa adabu: imefichwa na nani, isionwe na nani? Taa yake inaonekana kutoka kituo cha treni. Mimi hula pale kila Alhamisi tangu nilipokuwa na nywele. Shahidi wa nywele hizo ni kinyozi Nagase, ambaye naye hula pale. Mzee Horie, mfuma mikeka ya tatami, alimposea mwanawe pale. Bi Chizuru wa duka la dawa alikwenda kukaa pale jioni ile aliyotoka kumzika mumewe, na Fundi akamwekea sahani mbili, yake na ya marehemu. Kama hiyo ni siri, basi hata mapambazuko ni siri, kwa kuwa kijana wako huwa bado kitandani.

2. Kosa la pili ni zito zaidi: makala ile ilikuwa ya kweli. Mliandika kwamba wali wa Fundi una joto la ngozi ya mtu, kwamba samaki wake ana ubaridi wa alfajiri, na kwamba viwili hivyo vikikutana mdomoni hupatana kama ndugu waliokuwa wamenuniana. Hamkuongeza hata chembe. Lakini gazeti ambalo miaka yote limetuhakikishia kwamba ukumbi mpya wa manispaa hauvuji, limeipata wapi ghafla tabia ya kusema kweli? Msomaji wenu amezoea kupunguza nusu ya kila mnachoandika. Safari hii pia alipunguza nusu, na nusu iliyobaki ikamtosha kupanda treni.

3. Wakaja. Wanatoka Kanazawa, Nagoya, Osaka, na wanapanga foleni kuanzia mlango wa Fundi mpaka ukuta wa kinyozi. Nilitoka nje siku ya kwanza nikiwa nimejiandaa kuwachukia, na hapo ndipo mliponitia hasara kubwa kuliko zote. Hawachukiki! Wanasimama kimya. Wanainamisha vichwa tukipita. Mama mmoja kutoka Nagoya alimletea Nagase vitafunwa vya maharagwe matamu, eti ameuegemea ukuta wake bila ruhusa. Vijana wawili waliondoa theluji njia nzima wakati wakisubiri, hata mbele ya mlango wangu. Mimi ni mtu wa mapambano, Ndugu Mhariri. Nimegombana na mameya watatu. Nitagombana vipi na mtu anayenifagilia mlango?

4. Mlimwita Fundi "mtu wa maneno machache." Sikumbuki jioni hata moja aliyofunga mdomo. Ndiye aliyeniambia mbele ya watu, nilipokuwa nahutubia juu ya bajeti ya mji huku sushi yangu ikinisubiri: "Mwalimu, huyo samaki ameshakufa mara moja. Usimngojee afe mara ya pili." Huita kila mtu kwa kasoro zake, huimba vibaya wakati wa kukanda wali, na hubishana na redio. Sasa wageni wanakuja na makala yenu mkononi, wanatazama mikono yake kama wako hekaluni, na Fundi anaona haya kuwavunjia picha waliyoilipia nauli. Amenyamaza. Mama Fusae alimwambia mke wa kinyozi: "Tangu gazeti liseme mume wangu hasemi, kweli hasemi. Nyumbani naongea na birika." Kwa hiyo hata uongo wenu pekee mmeugeuza ukawa kweli. Mnasikia haya?

5. Sasa nafika kwenye kidonda. Wiki ile foleni ilipoanza, sisi wanne, mimi na hao watatu niliowataja, tulikutana kwa kinyozi. Nagase alisema, "Jamani, huu ndio msimu wa Fundi wa kuvuna. Tuwapishe wageni."

"Nami naona hivyo," akasema Bi Chizuru. "Nikikaa mimi, mtu wa Osaka atasimama kwenye theluji. Nitameza vipi, nikimwona kwenye kioo cha mlango?"

"Sawa," akasema Mzee Horie. "Lakini nani atamwambia Fundi?"

Wewe ni mtu wa ghuba hii, unajua adabu yetu. Ukimwambia mtu kwamba unajinyima kwa ajili yake, unamdai shukrani, na akishakushukuru umeshamtwika mzigo. Bi Chizuru akamaliza: "Asiambiwe. Mtu akipisha njia, hapigi kengele."

Tukakubaliana wote. Tukaacha kwenda. Tukimwona Mama Fusae sokoni tulimwinamia kichwa kwa haraka tukapita, asije akatukaribisha tukashindwa kukataa. Lawama ya uamuzi huu ni yenu, maana pasingekuwa na foleni, nani angekuwa na adabu?

6. Matokeo yake kwangu binafsi: Alhamisi nne nimekula sushi ya duka la pembeni ya kituo, ile ya kisanduku, yenye jani la plastiki katikati. Wali wake ni baridi kama mkono wa karani wa kodi. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, redio ikiwa imezimwa. Sitasema zaidi. Hili si gazeti la mashairi.

7. Jana kulipiga radi ile ya kuamsha buri, samaki wetu wa baridi, na mji mzima ukafurahi kwa kuwa anakuja ghubani. Muda mfupi baadaye nikasikia mlango wangu ukigongwa. Alikuwa Mama Fusae, na aproni yake, bila mwavuli, theluji kichwani.

"Mwalimu," akasema, hata hakunisalimu, "tumewakosea nini?"

Nikamwambia hawajatukosea kitu.

"Mbona mmetuhama? Wote wanne, siku moja, kama mmetupigia kura! Kila jioni naweka kibao cha 'Imeshikwa' kwenye viti vinne vya ukutani. Wageni wanasimama nje wanatetemeka, wanachungulia viti vitupu, wanafikiri kuna waziri anakuja. Waziri gani? Ni nyinyi! Ni wewe na kipara chako!"

"Mama Fusae, tulikuwa tunawapisha wageni."

"Nani aliwatuma?"

"Ilikuwa adabu."

"Adabu!" Akacheka, kisha akafuta uso kwa ncha ya aproni. "Fundi alitaka kuja kuwauliza, akaona aibu. Akasema, mtu aliyeondoka kwa hiari haulizwi sababu. Juzi akasema: 'Kama watu wangu hawanitaki, hawa wa gazeti wakimaliza kunipiga picha nitakuwa nampikia nani?' Amempigia simu mwenye duka la samaki asituwekee buri wa mwaka mpya. Anafunga, Mwalimu."

Basi tazama kazi yako, Ndugu Mhariri. Nje, watu wenye njaa walisimama kwenye theluji wakitazama viti vitupu. Ndani, Fundi alivilinda viti hivyo kwa ajili ya watu waliokuwa nyumbani wakila plastiki kwa ajili yake. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma mpaka tukakaribia kuzikana. Tungekuwa maadui, tungeshapatana zamani, maana maadui huulizana.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, uchapishe masahihisho ukurasa wa mbele, kwamba mkahawa wa Isurugi ni mbaya. Nilijitolea kukuandikia maneno yenyewe nikupunguzie kazi, na nakiri yamenisumbua. Niliandika: "Samaki wake ni wabichi." Ni kweli, lakini sidhani itamtisha mtu. Nikaandika: "Pamebana, mgeni hugusana mabega na asiyemjua mpaka wanajuana." Nikaisoma, nikaifuta. Nikaandika: "Hakuna orodha ya vyakula, mtu hupewa kile ambacho Fundi ameona asubuhi kwamba ni chema, kama mtoto anayelishwa na mama." Hiyo nayo nikaifuta, maana nilianza kusikia njaa. Nyinyi mna wataalamu. Kuhusu mambo mazuri, kazi ya kusema uongo nawaachia wenye uzoefu.

Pili, mbadili sera ya gazeti kabisa. Kuanzia Januari, msisifu kitu chochote chema cha mji huu. Bafu la umma la Mtaa wa Chini, andikeni kwamba maji yake ni vuguvugu. Mtengeneza tofu wa karibu na daraja, andikeni kwamba ana kiburi. Machweo ya ghubani yaandikeni kwamba yamepitwa na wakati. Sifa zenu zote zielekezeni kwenye ukumbi wa manispaa. Wageni wajae mle. Waloweshwe na paa lile linalovuja, wapigwe picha na meya, warudi kwao. Mji utapata mapato, na sisi tutapata chakula.

Tatu, kijana Uozumi ahamishiwe kwenye habari za michezo, ambako akisema kweli hakuna atakayemwamini.

Usipotekeleza haya, nitalazimika kuanzisha gazeti langu mwenyewe, na nitalisifu la kwako humo kila wiki, mpaka lifungwe.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa wanaopata usingizi mchana, mama wa mapokezi ambaye hunijibu simu kwa upole kuliko ninavyostahili, na yule mzee wa matangazo ya misiba, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwandishi wenu bora. Msalimie na Uozumi. Mwambie sina chuki naye. Ana kalamu nzuri, na hilo ndilo kosa lake.

Ni mimi, msomaji wako usiyempenda,

Tetsuro Omigawa

Nyongeza: Barua hii niliitia kwenye bahasha jioni, nikapita kwa wenzangu, tukaenda wote wanne. Mlangoni tulisimama muda mrefu tukiambiana "tangulia wewe," mpaka Mama Fusae akatushika mikono ya makoti akatuvuta ndani mmoja mmoja. Fundi aliweka mbele yetu vibua vya siki, tukala, naye akageuka akatafuta kisu ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nilichokililia mwezi mzima, nikaona kwenye kioo cha mlango mzee mmoja na binti yake, wa tatu na wa nne kwenye foleni. Mzee alikuwa amevaa viatu vya mjini, theluji ikiingia ndani. Nilivumilia sushi mbili. Ya tatu haikupita. Nikatoka nje, nikawaomba radhi waliotangulia, na wakasema wote kwa pamoja: "Mchukue, mchukue, sisi vijana." Nikamkalisha kwenye kiti changu. Bi Chizuru akainuka palepale akampa binti cha kwake. Sisi wawili tukasimama nyuma yao, migongo ukutani.

Kumbe mzee ametoka Gifu, milimani, na hajawahi kula samaki aliyevuliwa asubuhi ya siku hiyo. Ningefanyaje? Nikainama sikioni mwake nikamweleza. Nikamwambia atumie mkono, asiogope, na asikose yai la kumalizia mlo, ambalo mwandishi wenu hakulitaja hata kwa neno moja. Nikamwambia vibua sasa vimenona kuliko mwezi uliopita, awaambie na jirani zake. Nilikuwa nimefika kwenye maisha ya ngisi, Fundi akaacha kukanda wali.

"Mwalimu," akasema, "siku hizi umeajiriwa na gazeti?"

Mkahawa wote ukacheka, wageni kwa wenyeji. Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Alimwita kinyozi kwa kasoro zake zote, akaimba, akagombana na redio, na wale wa Osaka wakaacha kupiga picha kwa kuwa mikono yao ilikuwa inashika mbavu. Mama Fusae akaenda kwenye simu, nikamsikia akimwambia mwenye duka la samaki, "Wa mwaka mpya, ndiyo. Mkubwa. Hapana, mkubwa zaidi ya huyo."

Kwa hiyo barua hii usiichapishe. Ninalodai sasa ni sahihisho moja tu, na kwa hili sitarudi nyuma: Uozumi aliandika kwamba mkahawa hufunguliwa saa kumi na moja jioni. Wali hauwi tayari kabla ya saa kumi na mbili. Andikeni saa sahihi, kwa herufi kubwa, ili watu wasisimame kwenye baridi bure.